Shingo zetu zote zi upande: Tofauti na kasoro si neno moja

Tunaposema mtu amekubali jambo shingo upande, tunamaanisha kakubali bila kuridhia. Msemo huo unachukulia kwamba shingo ya aliyeridhika imenyooka wima, kulia sawa na kushoto. Lakini hebu tuwaulize wataalamu wa mifupa. Watatuambia kwamba ulinganifu huo kamili ni nadra mno, hata kwa mtu mwenye afya yake.

Shingo ya binadamu ina mifupa saba. Twiga naye, na urefu wake wote ule, ana saba vilevile. Kila mfupa tunauita pingili, neno lile lile tunalolitumia kwa muwa na mwanzi. Istiara hiyo ni nzuri, maana yeyote aliyewahi kumenya muwa anajua kwamba pingili hazifanani.

Kila pingili ya shingo ina tundu kila upande. Katika zile sita za juu, kwa kawaida matundu hayo hupitisha ateri mbili zinazopeleka damu sehemu ya nyuma ya ubongo. Ateri hizo aghalabu hazilingani, na mara nyingi ya kushoto ndiyo pana zaidi. Tundu nalo huelekea kufuata ukubwa wa mshipa unaolipitia.

Pingili ya kwanza, inayobeba fuvu, huitwa atlasi, kwa jina la jitu la visasili vya Kiyunani lililobebeshwa mbingu. Vikalio viwili ambavyo fuvu hukalia juu yake hutofautiana kwa umbo na ukubwa. Hata miiba ya nyuma ya pingili, ambayo mingi huwa na ncha mbili, mara nyingi ncha moja huipita nyingine kwa urefu.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa lugha? Chukua mfano wa mtu aliyepata ajali barabarani, akapigwa picha ya eksirei. Daktari hutazama nafasi zilizo kati ya kijino cha pingili ya pili na pande mbili za atlasi. Zisipolingana, huenda pingili zimeteguka. Lakini huenda pia mgonjwa aligeuza kichwa kidogo tu wakati wa kupigwa picha, au basi ndivyo alivyoumbwa. Ndiyo maana daktari hatoi uamuzi kwa picha hiyo pekee; humpima mgonjwa, humuuliza kuhusu maumivu na ganzi, na akibakiwa na shaka huagiza picha zaidi.

Baada ya hapo huja maelezo. Mgonjwa aliyethibitishwa kuwa mzima akiambiwa "shingo yako ina kasoro", atarudi nyumbani akiwa mgonjwa. Akiambiwa "pande zako mbili zinatofautiana, na hilo ni kawaida", atalala usingizi. Picha ni ileile. Kasoro ni upungufu, kitu kinachodai kurekebishwa. Tofauti haidai chochote. Neno hitilafu, tulilolipata kutoka Kiarabu, limebeba maana zote mbili, na kwa sababu hiyo mimi silipendekezi katika chumba cha daktari.

Kuna mtego mwingine. Picha ya eksirei huwekwa kana kwamba mgonjwa anakutazama ana kwa ana, kwa hivyo kulia kwake huwa kushoto kwako wewe unayeitazama. Kiswahili kinatusaidia hapa tukikisikiliza. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na anayekula ni mwenye mwili, si karatasi. Basi tusiseme tu "upande wa kulia"; tuseme "kulia kwa mgonjwa". Neno moja la ziada linaweza kuzuia upande mzima kutibiwa badala ya mwingine.

Wengi wetu tulisoma mifupa kwa Kiingereza, na tunaugua kwa Kiswahili. Pengo hilo halitazibwa kwa kuunda istilahi mpya pekee. Maneno kama pingili, tundu, kasoro na tofauti tunayo tayari. Walimu wa lugha na wauguzi wakikaa pamoja kukubaliana lini litumike lipi, mgonjwa hataondoka kliniki akishika shingo isiyomuuma.