Sababu ya ndovu kujengewa njia chini ya barabara

Ndovu dume anapopevuka huacha kundi la mamake na kutafuta majike kwingine. Hivyo ndivyo damu za makundi huchanganyika.

Lakini mashamba, nyua na barabara kuu ya Nanyuki-Meru viliwatenga ndovu wa Mlima Kenya na wenzao wa Ngare Ndare na Lewa. Waliojaribu kuvuka walivunja nyua na kuharibu mimea ya wakulima.

Kundi lililozingirwa huenda likaishia kuzaana ndugu kwa ndugu, vizazi vikawa dhaifu mbele ya maradhi.

Ndiposa ushoroba wa takriban kilomita 14 ukatengwa, na mapema 2011 ndovu wakaanza kupita chini ya barabara hiyo. Ukizibwa, hasara haitaonekana mara moja; itawapata vitukuu.