Kompyuta ndogo ikikosa sauti, usikimbilie kuirudisha dukani

KOMPYUTA ndogo ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza mwaka 2012, ina uwezo wa kupiga muziki, kusoma maandishi kwa sauti na kupokea redio za intaneti. Hata hivyo, baadhi ya wanunuzi hukata tamaa mapema: picha inaonekana vizuri, sauti haisikiki.

Mara nyingi mashine hiyo haina ubovu wowote. Inapeleka sauti kwenye njia ambayo haina spika.

Njia ya kwanza ni kebo ya HDMI, ambayo hubeba picha na sauti kwa pamoja hadi kwenye televisheni. Ikiwa kioo kilichounganishwa hakina spika, sauti haitasikika hata kama kebo ni nzima.

Njia ya pili ni tundu la milimita 3.5. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 inalo, lakini Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 na zile za aina ya Zero hazina. Mnunuzi wa mashine hizo atahitaji kadi ya sauti ya USB au spika ya Bluetooth, hivyo ni vyema gharama hiyo ikajulikana kabla ya kulipa.

Kuchagua njia si kazi ngumu. Bofya alama ya spika kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha teua kifaa unachotaka.

Ukimya ukiendelea, fungua dirisha la amri na uandike aplay -l. Orodha ya vifaa vya sauti itatokea. Kifaa kisipokuwamo, mfumo wa Linux haujakitambua. Kagua kebo na viunganishi vyake. Kikiwamo, andika alsamixer, kisha bonyeza F6 ili kukichagua. Herufi MM chini ya mstari wa sauti humaanisha kuwa imezimwa. Bonyeza M kuifungua. Hatimaye, amri ya speaker-test -c 2 itajaribu spika ya kushoto na ya kulia.

Sauti ikitoka na mikwaruzo kwenye tundu la Raspberry Pi 4, fahamu kuwa tundu hilo huzalisha sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, bila kigeuzi maalumu. Kadi ya USB iliyo nzuri huondoa kasoro hiyo.

Fuata hatua hizo kwa mpangilio kabla ya kuihukumu mashine.