Mbwa Anachagua Chakula, Simu Ndio Inalipa

Ukiona mbwa mdogo ananusa ugali kisha anakuangalia usoni, jua kuna pesa inaenda kutoka. Sisi tunajua. Simba, mbwa wetu wa miezi minne hapa Mukumu, alikuwa anakataa kila kitu kilichotoka kwa sufuria ya nyumbani. Asubuhi anakataa, saa nne mtu anamhurumia na kukimbia stage kumnunulia smokie. Hiyo anaimeza bila hata kutafuna. Jioni ni matumbo ya kumbembeleza. Zote tulikuwa tunalipa kwa simu, pesa kidogo kidogo ambazo hakuna mtu alikuwa anahesabu.

Tulipofungua taarifa ya mwezi ndio tulishtuka. Malipo ya 30, ya 50, ya 40, kwa till ileile, siku baada ya siku. Hebu piga hesabu: ukitoa shilingi 100 kila siku, kwa siku 30 hiyo ni 3,000. Jaribu na yako leo. Itisha taarifa, chagua till moja unayolipa sana, jumlisha.

Kumbe Simba hakuwa na shida ya ulimi. Sisi ndio tulimfundisha kwamba akikataa ugali, smokie inakuja. Na smokie yenyewe si chakula cha mbwa: chumvi ni nyingi, na kachumbari ina kitunguu, ambacho huharibu damu ya mbwa.

Kwanza tulibadilisha saa. Mbwa wa umri huo anakula mara tatu kwa siku. Akipita miezi sita, mara mbili inatosha. Tunaweka sahani dakika 20, asipokula tunaitoa mpaka zamu inayofuata, na katikati hakuna kitu. Siku ya kwanza alikula kidogo tu na kutulilia sana (nyanya yetu nusura atusaliti). Siku ya tatu alilamba sahani.

Kisha manunuzi. Sasa tunaenda soko la Khayega mara moja kwa wiki, na bajeti tumeiandika kabla ya kutoka nyumbani. Tunabeba omena, na kwa bucha tunachukua mapafu. Omena tunaiosha kwa maji moto kutoa mchanga. Mapafu tunayachemsha mpaka yaive kabisa, kwa sababu nyama mbichi ya ndani inaweza kumpa mbwa minyoo ambayo baadaye inafikia hata watoto. Supu ndiyo inasongewa ugali. Ugali mkavu hauna harufu, na mbwa hula kwa pua kwanza.

Kuna mahali hatupunguzi gharama hata kidogo. Utauziwa mahindi yaliyoota ukungu kwa bei ya chini, uambiwe ni ya mbwa tu. Usinunue. Sumukuvu haiishi kwa kupikwa, na inaua mbwa kwa kuharibu ini. Mwaka 2004 mahindi ya aina hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Tena, si kila anayekataa chakula anachagua. Mbwa mdogo akimaliza siku nzima bila kugusa kitu, mpigie daktari wa mifugo. Akitapika au akihara damu, usingoje hata hiyo siku iishe. Inaweza kuwa parvo, na hiyo inaua haraka.

Hapo ndipo pesa ya smokie ilihamia. Kila Jumatatu tunafungia kiasi fulani kwa akiba ya simu, ile huwezi kuchomoa ukiona smokie. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata akiwa na miezi mitatu, kwa pesa ya kukopa. Dawa ya minyoo ya mwezi huu imetoka kwa akiba. Daktari alitutumia nambari ya kulipia, tukasoma jina lililotokea kabla ya kuweka PIN, likawa lake, tukalipa.

Smokie bado tunanunua, lakini tunakula wenyewe, tena nyuma ya nyumba.