Mzee wangu, Van Gaal na majibu ya kila baada ya miezi mitatu

ILIKUWA usiku wa Desemba 9, 2022. Sebuleni kwa baba mkubwa, Temeke, tulikuwa watu saba na feni moja. Jioni ileile Croatia walikuwa wameshaitoa Brazil kwa penalti, nusu ya nyumba ilikuwa imenuna, na sasa Uholanzi walikuwa nyuma kwa mabao 2-0 mbele ya Argentina ya Lionel Messi kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar.

Wout Weghorst akatokea benchi, akafunga dakika ya 83. Halafu ikaja ile faulo ya dakika za majeruhi, kila mtu anasubiri shuti, jamaa wakapenyeza mpira wa chini pembeni ya ukuta, Weghorst huyohuyo akamaliza kazi. 2-2. Sebule nzima tukaruka. Mtoto wa kwanza wa baba mkubwa akamwaga chai kwenye zulia. Mtu mmoja tu hakunyanyuka, naye ni baba mkubwa, ambaye ndiye pekee mle ndani aliyekuwa anaishabikia Uholanzi.

Nikadhani amesinzia. "Baba mkubwa, wamesawazisha!"

"Nimeona, mwanangu," akanijibu bila kugeuka. "Hivi Jumatatu wale wanafungua saa ngapi?"

Alikuwa anaongelea maabara. Damu alitolewa Alhamisi. Ijumaa ile ilikuwa sikukuu ya Uhuru, halafu ikafuata wikiendi. Kwa hiyo majibu mpaka Jumatatu. Argentina wakashinda kwa penalti 4-3, Van Gaal akarudi nyumbani, na mzee akaenda kulala bila kutoa hata neno moja la kulalamikia mwamuzi. Waliomzoea watanielewa nikisema hapo ndipo nilipoogopa.

Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari hii. Amekubali kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimfanye aonekane mgonjwa. La pili ni rahisi. Huyu ni mzee aliyecheza beki wa kati kwenye ndondo miaka ya 1980, na ukimwona leo anavyokwenda kijiweni kubishana kuhusu usajili, huwezi kujua kitu. Na hapo ndipo ugumu wa ugonjwa huu ulipo, maana hata yeye mwenyewe hawezi kujua. Anayejua ni namba tu.

KWA NINI UHOLANZI

Baba mkubwa alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume Februari 2022. Waliondoa tezi yote. Alirudi nyumbani akiwa na mpira wa mkojo, na utani wake wa kwanza baada ya operesheni ulikuwa kwamba huo ndio mpira pekee duniani asioupenda. Ulipotolewa, yakaja ya pampasi. Kijiweni aliwaambia alikuwa na henia.

Aprili 3 mwaka huohuo, Louis van Gaal, kocha wa Uholanzi, wakati huo ana miaka 70, alikwenda kwenye kipindi cha televisheni nchini kwao akasema ana saratani ya tezi dume. Alikuwa ameshapigwa mionzi mara 25. Wachezaji wake hawakuwa wanajua. Wiki moja tu nyuma walikuwa wameifunga Denmark 4-2 na kutoka sare ya 1-1 na Ujerumani, na kumbe kila kambi ilipokuwa inawekwa, kocha alikuwa anatoka usiku kimyakimya kwenda hospitali, asubuhi anarudi uwanjani na filimbi yake shingoni kama kawaida.

Nilimsomea habari ile baba mkubwa kwenye simu. Aliniambia niirudie. Kuanzia siku hiyo akawa Mholanzi. Mzee ambaye maisha yake yote alikuwa anawaita Waholanzi wazee wa kuanza vizuri na kumaliza vibaya, sasa anajua mpaka jina la kocha msaidizi.

Nadhani sikosei nikisema kilichomgusa hakikuwa ugonjwa. Ni ile ya mtu kusimama mbele ya wachezaji wake na siri tumboni, akapanga kikosi kana kwamba hakuna kitu.

NAMBA INAYOTAKIWA ISIONEKANE

Sasa hiyo Jumatatu alikuwa anasubiri nini, wakati saratani ilishatolewa?

Ipo hivi. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi kidogo chake huingia kwenye damu. Kwa mtu ambaye bado ana tezi, kipimo cha PSA kina mambo mengi ya kubishania, maana hata uvimbe wa kawaida wa uzee au maambukizi yanaweza kuipandisha. Lakini ukiondolewa tezi yote, kiwanda kimefungwa. Baada ya wiki sita mpaka nane hivi, damu inatakiwa isiwe na PSA ya kuonekana, na kwa maabara nyingi hiyo maana yake ni chini ya 0.1. Kipimo kikisoma 0.2, na cha marudio kikaonyesha bado ipo au inapanda, madaktari wanahesabu kwamba kuna seli zimebaki mahali fulani mwilini na zinafanya kazi.

Hausikii maumivu. Hupungui uzito. Namba inaweza kutangulia dalili kwa miaka. Ndiyo maana ratiba ya kupimwa ni ndefu kuliko ligi yoyote: baba mkubwa aliambiwa kila baada ya miezi mitatu mwaka wa kwanza, kisha kila miezi sita, baadaye mara moja kwa mwaka. Nilimuuliza daktari wake, mwisho lini? Akacheka. Kuna watu, alisema, ugonjwa unarudi baada ya miaka 10.

Kwenye benchi la kliniki kuna vitu unajifunza ambavyo hakuna anayekutangazia. Siku moja mzee mwenzake alimwambia kwa kujiamini kabisa, "Mimi yangu inasoma mbili, na daktari kasema niko poa." Baba mkubwa aligeuka kunitazama, macho yamemtoka. Yake ikisoma mbili ni msiba. Kumbe yule mwenzake hakuwa na saratani. Alifanyiwa upasuaji wa tezi iliyovimba na kuziba mkojo, na pale wanakwangua sehemu ya ndani tu, ganda la tezi linabaki na linaendelea kutengeneza PSA. Wote wawili mtaani wanasema wamefanyiwa operesheni ya tezi dume, lakini wanacheza michezo miwili tofauti. Kama una mzee nyumbani aliyefanyiwa operesheni hiyo, muulize ilikuwa ipi. Wengi hawajui, na wakilinganisha majibu wanatishana bure au wanafarijiana bure.

La pili ni maabara. Kipimo cha tatu alikwenda kupima mahali pengine kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Majibu ya nyuma yote yaliandikwa "chini ya 0.1". Haya yakaja 0.04. Mzee akasoma kwamba kutoka hakuna sasa ipo. Siku mbili hakula vizuri. Mama mkubwa akanipigia simu saa 5 usiku akisema mzee amekaa barazani gizani, hataki kuingia ndani. Tulipofika kwa daktari, maelezo yalichukua dakika moja: mashine ya pili inaona vitu vidogo zaidi kuliko ya kwanza, hakuna kilichopanda. Tangu hapo ni maabara ileile, hata foleni ifike barabarani.

Jumatatu ile ya Desemba 12, 2022, majibu yalitoka saa 4 asubuhi. Chini ya 0.1. Alinipigia simu, na kitu cha kwanza kuniambia ni kwamba mwamuzi wa Ijumaa alikuwa mbovu sana.

MIEZI MINANE

Ningependa habari iishie hapo, lakini haikuishia.

Juni 2023 kipimo kilikuwa safi. Desemba 2023 tulikwenda wote wawili, tukakaa saa tatu, nesi akatoka akasema vitendanishi vya PSA vimeisha, rudini baada ya wiki mbili. Hakuna aliyetuelekeza pengine, hakuna aliyeandika namba ya simu. Nilikasirika, na mpaka leo nina hasira nikilikumbuka dirisha lile.

Lakini ukweli usemwe, wiki mbili zile tulizila wenyewe. Afcon ilikuwa inakuja, Taifa Stars walikuwa Ivory Coast, mimi nilikuwa na mechi za kuandika. Mzee alikuwa anajisikia vizuri, mkojo umeshakaa sawa, pampasi alishaziacha, anatembea. Stars wakatoka sare na Zambia, wakatoka sare na DR Congo, tukarudi nyumbani, ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kila nilipomkumbusha alisema "tutakwenda", na mimi nilikuwa nafurahi kusikia hivyo kwa sababu sikuwa na nafasi.

Baadaye aliniambia kitu ambacho hakuniambia wakati ule. "Ile siku walivyosema dawa za kupimia hazipo, nilishukuru Mungu." Kila kipimo, anasema, kilikuwa kinamrudisha kwenye kile chumba alichoambiwa mara ya kwanza. Wiki moja kabla usingizi unapungua, chakula kinakosa ladha, anagombana na watu bila sababu. Kwa hiyo siku dirisha lilipofungwa, alijisikia kama mchezaji aliyeambiwa mechi imeahirishwa kwa mvua wakati yeye ana maumivu ya nyama za paja.

Tulirudi Agosti 2024. Namba ikasoma 0.24. Baada ya mwezi, 0.31.

Naomba hapa nimtaje Ray Clemence, kwa sababu mzee ni Liverpool wa zamani na yeye ndiye aliyemtaja kwanza. Kipa yule, bingwa wa Ulaya mara tatu na Liverpool, aligundulika na saratani ya tezi dume 2005. Aliendelea kuwanoa makipa wa timu ya taifa ya England kwa miaka baada ya hapo, akafariki Novemba 2020 akiwa na miaka 72. Baba mkubwa alivyopiga hesabu yake garini tukitoka hospitali, ilikuwa hivi: "Miaka 15. Clemence kacheza miaka 15 ya nyongeza." Sikumjibu. Kila ugonjwa una hatua yake na wa Clemence haukuwa kama wake, lakini si kila hesabu ya mzee inahitaji mhariri.

Daktari hakutugombeza, ingawa tulistahili. Alisema namba kupanda baada ya upasuaji si kadi nyekundu. Ikikamatwa mapema, ikiwa bado chini ya 0.5, mionzi kwenye eneo ilipokuwa tezi ina nafasi nzuri ya kumaliza zilizobaki, na kadiri namba inavyopanda ndivyo nafasi hiyo inavyopungua. Mzee alikuwa bado yuko ndani ya mstari. Je, tungekwenda Januari tungekuta ngapi? Niliuliza. Daktari akasema hiyo hakuna anayeijua, akageukia kompyuta yake.

Mionzi ilikwenda wiki sita na nusu, Jumatatu mpaka Ijumaa. Alichagua kwenda asubuhi na mapema ili saa 5 awe kijiweni. Wiki ya nne uchovu ulimpiga, akawa analala mchana na kukimbilia choo mara kwa mara. Wiki ya tano aliwaambia wenzake kijiweni ukweli, kwamba henia ile haikuwa henia. Alinisimulia kwamba kulikuwa na kimya kama cha dakika nzima, kisha mmoja wao, mzee wa mwaka mmoja na yeye, akamwuliza kwa sauti ya chini kipimo kile kinapimwa wapi. Baadaye wawili walimfuata nyumbani usiku, mmoja mmoja, kila mtu akidhani yuko peke yake.

Baada ya mionzi namba haianguki siku hiyohiyo, inashuka taratibu kwa miezi. Kipimo cha kwanza 2025 kilisoma 0.12. Cha pili kikarudi chini ya 0.1. Mwaka huohuo Van Gaal naye alisema saratani haimsumbui tena, ila bado anakwenda kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa. Nilimpelekea mzee habari hiyo. Akasoma, akarudisha simu. "Kwa hiyo na yeye bado yuko kwenye foleni," akasema, na nikaona amefurahi.

Siku hizi tarehe ya kliniki tunaiandika sehemu tatu: kwenye kadi yake, kwenye simu yangu, na kwenye kalenda ya ukutani ya mama mkubwa. Na dirisha likisema vitendanishi hakuna, hatuondoki mpaka tumeambiwa vitakuwepo lini na nani wa kumpigia.

Jumanne wiki hii alitolewa damu tena. Jana jioni nikampigia simu.

"Shikamoo baba mkubwa. Yametoka?"

"Marahaba. Bado, wamesema kesho." Akanyamaza kidogo. "Wewe uko kazini hapo? Hebu niambie, kikosi cha Jumamosi kimeshavuja?"