Uwakili wa Kikristo, Januari hadi Desemba

Uwakili wa Kikristo ni namna ya kuishi inayotokana na imani moja: mwenye mali ni Mungu, na binadamu amekabidhiwa tu. Zaburi ya 24 inaanza kwa tamko hilo, na kitabu cha Mwanzo kinampa mtu wa kwanza kazi ya kulima bustani na kuitunza. Mfano wa talanta katika Mathayo 25 unaongeza sharti: bwana hurudi na kudai hesabu, na anayelaumiwa ni yule aliyefukia fedha ardhini. Dhamana hiyo inagusa fedha, muda, vipaji, mwili na ardhi, kwa hiyo haiwezi kutekelezwa kwa Jumapili moja ya mavuno.

Mtume Paulo alilijua hilo alipokusanya msaada kwa waumini maskini wa Yerusalemu. Katika 1 Wakorintho 16 aliwaagiza watu wa Korintho kila mmoja atenge kitu siku ya kwanza ya juma, kadiri ya mapato yake, ili changizo lisingoje siku atakayofika. Harambee huamsha ari kubwa kisha hupoa. Akiba ya kila juma hujenga tabia.

Makanisa mengi ya Tanzania hufuata njia hiyo kwa ahadi na bahasha. Mwanzoni mwa mwaka msharika huandika kiasi anachokusudia kutoa, kisha hukitoa kidogo kidogo. Mwenye mshahara hupima kwa mwisho wa mwezi, lakini mkulima hupima kwa msimu. Ndiyo maana sadaka ya mazao bado ina nafasi yake: mkungu wa ndizi, debe la mahindi au jogoo hupelekwa madhabahuni, na baada ya ibada hunadiwa nje ya kanisa. Asiyeshika noti hata moja mwezi huo naye huwa ametoa.

Utoaji wa namna hii umefungamana na historia ya kujitegemea. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alitaka wamisionari na fedha za kigeni visitishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yake. Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono wito huo. Hata hivyo, kujitegemea hakukomei kwenye kujenga na kulipa watumishi. Kumbukumbu la Torati 14 linaagiza kwamba zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe kwa ajili ya Walawi, wageni, yatima na wajane.

Muda na vipaji navyo huwekwa kwenye hesabu. Muuguzi anayepima shinikizo la damu baada ya ibada, fundi anayebadilisha bati lililoshika kutu, mwalimu anayefundisha Shule ya Jumapili, na jirani wa jumuiya anayekesha na mfiwa, wote wanatoa.

Kwa upande wa ardhi, mwaka 1989 Patriaki Dimitrios I wa Konstantinopoli aliitenga tarehe 1 Septemba ya kila mwaka iwe siku ya kuombea uumbaji. Papa Fransisko aliipokea kwa ajili ya Wakatoliki mwaka 2015, mwaka aliotoa waraka wa Laudato si'. Leo makanisa mengi huadhimisha Msimu wa Uumbaji hadi tarehe 4 Oktoba. Huko Kilimanjaro, Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) chini ya Askofu Fredrick Shoo ilijulikana kwa kuhimiza upandaji miti, vijana wa kipaimara wakiwamo. Mche hauheshimu kalenda ya sherehe: hupandwa mvua zikianza, humwagiliwa kiangazi, na hulindwa dhidi ya mbuzi mpaka uimarike.

Uwakili unamdai pia anayepokea. Katika 2 Wakorintho 8 Paulo anaeleza kwamba Tito hakutumwa peke yake kusimamia changizo; alifuatana na ndugu aliyeteuliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama. Usharika wa leo hufanya vivyo hivyo unapohesabu sadaka mbele ya watu zaidi ya mmoja, kutoa stakabadhi, kuwaita wakaguzi na kusoma taarifa ya mapato na matumizi mbele ya washarika. Pasipo taarifa, bahasha hupungua.

Kipimo cha mwisho kiko nyumbani, ambako hakuna mzee wa kanisa anayekagua. Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Anayetimiza ahadi ya kanisa huku akimcheleweshea dada wa kazi mshahara, au akikopa kwa ajili ya sherehe huku ada ya mtoto haijalipwa, ametoa sadaka, lakini uwakili bado hajauanza.