Moshi wa Magodoro

Jumatatu, Septemba 23, 2013, moshi mweusi ulipanda juu ya jumba la maduka la Westgate, mtaani Westlands, Nairobi, lililokuwa limevamiwa na magaidi, na nchi nzima ikataka kujua unatoka wapi. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Joseph Ole Lenku, akasema magaidi wanachoma magodoro. Kejeli zilizofuata sote twazikumbuka. Mimi nayarudia magodoro hayo kila ninapofundisha vijana wanaotaka kazi ya mawasiliano ya wakati wa mikasa.

Tusibishane kuhusu godoro lenyewe. La kujiuliza ni kwa nini hakuna aliyekuwa tayari kuliamini. Tangu shambulio lianze Jumamosi mchana, Wakenya walikuwa wameambiwa mambo mengi yasiyokaa pamoja. Waliambiwa hali imedhibitiwa, na risasi zikaendelea kusikika. Waliambiwa washambuliaji ni kumi hadi kumi na watano. Baadaye ikaelezwa walikuwa wanne. Ole Lenku alisema wote ni wanaume, huku Waziri wa Mambo ya Nje, Amina Mohamed, akiieleza runinga ya Marekani kwamba miongoni mwao kuna mwanamke Mwingereza. Wizara ilikuwa na akaunti yake ya Twitter, Inspekta Jenerali wa polisi yake, jeshi nalo likizungumza kivyake. Al-Shabaab, waliodai kuhusika na shambulio hilo, walikuwa huko huko mtandaoni. Akaunti yao ikifungwa, wanafungua nyingine. Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza mwisho wa mkasa jioni ya Septemba 24, watu 67 walikuwa wameuawa, na neno la msemaji yeyote wa serikali lilikuwa limeshuka thamani.

Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Wengi wanaoniandikia wakitafuta nafasi hudhani ni kazi ya kusema: suti, maikrofoni, Kiingereza kilichonyooka. Anayesema mara nyingi ni mkubwa wa shirika. Afisa mawasiliano hukaa nyuma yake na daftari. Langu lina safu tatu: tunachojua, nani kathibitisha, saa ngapi. Jambo lisilo na jina katika safu ya pili halitoki nje ya chumba, hata mkubwa alitake vipi. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza ninaoutafuta kwa kijana ni ujasiri wa kumwambia mkurugenzi, kwa adabu, mlangoni, kamera zikisubiri: "Mkubwa, hilo bado."

Taarifa ya kwanza haihitaji kuwa ndefu. Nini kimetokea, wapi, nani yuko pale akisaidia, wananchi wafanye nini, na tutazungumza tena saa ngapi. Watu huidharau sehemu hiyo ya mwisho, nami naiona ndiyo nguzo. Ripota aliyesimama penye utepe wa polisi akijua kuna kikao saa kumi, atasubiri saa kumi. Asipojua, atamuuliza mwendesha bodaboda aliye karibu, na huwezi kumlaumu. Saa kumi ikifika, nenda, hata kama huna jipya.

Januari 15, 2019, magaidi walipovamia jengo la DusitD2 kule Riverside, si mbali na Westgate, mengi yalikuwa yamebadilika. Wasemaji walikuwa wachache, na Shirika la Msalaba Mwekundu liliweka dawati la kuwasaidia jamaa kuwatafuta wapendwa wao. Hata hivyo, kuelekea saa tano usiku Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, alitangaza kuwa majengo yote yamo mikononi mwa vikosi vya usalama, na baada ya hapo milio ya risasi ikasikika tena. Asubuhi yake Rais Kenyatta alitaja vifo 14. Hesabu ikaja kufikia 21. Hesabu kupanda si aibu. Miili hupatikana, majeruhi hufariki. Ndiyo maana nawafundisha vijana kutotaja idadi bila maneno mawili mbele yake: "hadi sasa".

Shahada inasaidia. Chuo Kikuu cha Nairobi na Daystar hufundisha fani hii, na chama cha wanataaluma wa uhusiano mwema, PRSK, kipo tangu 1971. Lakini pengo ninaloliona katika ofisi za Westlands, Kilimani na Upper Hill ni la lugha. Mkasa ukitokea mchana, runinga zetu huutangaza kwa Kiswahili saa moja usiku, kabla ya taarifa ya Kiingereza ya saa tatu. Kampuni nyingi bado hutuma karatasi ya Kiingereza na kumwachia mhariri ahangaike nayo, kisha zinalalamika kwamba zimenukuliwa vibaya. Kijana anayeweza kusimama mbele ya kamera saa kumi na mbili na nusu na kueleza jambo kwa Kiswahili kinachoeleweka Kawangware, ana kazi.

Zoezi langu ni hili. Mtungi wa gesi umelipuka jikoni mwa hoteli fulani ya kubuni. Una dakika kumi na tano. Juzi mwanagenzi mmoja aliandika kwa Kiingereza safi kabisa, kisha nikamwomba aniambie yale yale kwa Kiswahili. Akasoma: "Tunalichukulia suala hili kwa uzito mkubwa na tunashirikiana na wadau wote husika."

Nikajifanya mama mmoja aliyefika langoni kwa miguu, mwanawe huosha vyombo humo jikoni. Nikamuuliza: "Mwanangu yuko wapi?"

Akaangalia karatasi yake. Akaigeuza, nyuma kulikuwa kweupe. Halafu akaisukuma kando, akavuta daftari, akafungua kalamu.

"Mama, anaitwa nani?"