Una inhela, lakini je, dawa inafika mapafuni?

Nimekuwa na pumu tangu nikiwa kidato cha pili. Kwa miaka zaidi ya kumi nilitembea na inhela ya buluu mfukoni, na mtu akiniuliza kama najua kuitumia ningemcheka. Ni kubonyeza tu, kuna nini cha kujua? Siku moja nilikwenda kliniki kwa sababu nyingine kabisa, na afisa wa kliniki akaniambia nitoe inhela yangu niitumie mbele yake. Nikabonyeza, nikavuta. Akaniuliza kama niliona ule mvuke mweupe uliotoka puani na mdomoni. Ule mvuke, akanieleza, ndiyo dawa niliyoinunua.

Si mimi peke yangu. Mwaka wa 2016 watafiti walikusanya ripoti za miaka 40, tangu 1975 hadi 2014, zilizohusu wagonjwa zaidi ya 54,000 katika nchi mbalimbali. Walikuta kwamba waliotumia inhela sawasawa walikuwa takriban watatu tu kati ya kila kumi. Kilichosikitisha zaidi ni kwamba katika miaka hiyo yote hali haikuwa imebadilika. Dawa ziliboreshwa, wagonjwa wakaendelea kuzimwaga hewani.

Kosa kubwa ni la wakati. Dawa hutoka kwenye inhela kwa kasi. Ukibonyeza kabla hujaanza kuvuta pumzi, au ukivuta kwa pupa, inagonga ulimi na koo na kubaki hapo. Hata kwa mtu anayejua, sehemu ndogo tu ya kila mpulizo hufika kwenye mirija ya mapafu. Kwa asiyejua, huenda isifike kabisa, naye atasema dawa hii haifanyi kazi na kudai iliyo kali zaidi.

Namna nilivyofundishwa ni hii. Kaa wima au simama. Toa kifuniko, uchungulie ndani kama kuna uchafu, kisha tikisa inhela. Kama ni mpya au imekaa siku nyingi bila kutumika, pulizia hewani kwanza mara chache. Toa pumzi yote polepole, mbali na inhela. Weka mdomo wa inhela katikati ya meno, uufunge kwa midomo. Sasa anza kuvuta pumzi taratibu, na papo hapo bonyeza mara moja, huku ukiendelea kuvuta mpaka kifua kijae. Toa inhela, funga mdomo, zuia pumzi ukihesabu hadi kumi. Ukiandikiwa mipulizo miwili, subiri nusu dakika hivi, tikisa tena, urudie. Kubonyeza mara mbili kwa pumzi moja ni kupoteza. Kuna inhela nyingine za unga, ambazo hazitikiswi na huvutwa kwa nguvu na haraka, kwa hiyo uliza ya kwako ni ya aina gani kabla ya kuiga jirani.

Watoto wadogo na wazee wengi hawawezi kulinganisha kubonyeza na kuvuta. Hao wanahitaji spesa, yaani kile chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Dawa inakaa ndani yake kwanza, mgonjwa anaivuta kwa pumzi tano au sita za kawaida. Mtoto mdogo sana huvalishwa kinyago. Hata mtu mzima hufaidika, na mimi nyumbani ninayo.

Wengi hawana pesa za spesa, na hapa kuna habari njema ambayo haijulikani sana. Mwaka wa 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walijaribu chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya soda au maji, kwa watoto waliobanwa na pumu. Ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Tundu hukatwa kwenye kitako cha chupa kwa waya uliopashwa moto, likatoshana barabara na mdomo wa inhela bila kuvuja, kisha mgonjwa huvuta kupitia mdomo wa chupa. Ioshe kwa maji na sabuni, iache ikauke yenyewe. Usiipanguse kwa kitambaa, kwani plastiki iliyosuguliwa hunata dawa. Kabla ya kuitegemea, mwonyeshe mhudumu wa afya aikague.

Kuna jambo jingine linalowagharimu watu maisha yao, nalo ni rangi. Inhela ya buluu hufungua mirija kwa dakika chache, lakini haigusi uvimbe ulio ndani. Uvimbe hutibiwa na inhela ya kuzuia, ambayo mara nyingi ni ya kahawia na ina steroidi kidogo. Hii hutumiwa kila siku, hata siku ambayo hujisikii mgonjwa. Wengi huiacha kwa sababu hawaoni ikifanya lolote papo hapo, au kwa sababu ya bei, wakabaki na buluu peke yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena kuwatibu watu wazima na vijana kwa inhela ya buluu pekee. Kama unaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa. Ukishatumia inhela ya steroidi, sukutua kwa maji uyateme, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Je, inhela inamzoesha mtu asiweze kuiacha? Swali hili nimelisikia kanisani, sokoni na hata kwa mama yangu mzazi. Hapana. Anayeihitaji kila siku anaihitaji kwa sababu ugonjwa upo, kama mwenye miwani. Tembe za kufungua kifua, ambazo wengi huzipenda kuliko inhela, hupita tumboni na kuzunguka mwili mzima. Ndiyo maana mikono hutetemeka na moyo hukimbia.

Hesabu pia mipulizo. Inhela nyingi za buluu huwa na 200. Kuitikisa uone kama bado ina kitu hakusaidii, kwa kuwa gesi hubaki hata dawa ikiwa imekwisha. Andika tarehe uliyoifungua.

Kwa walimu: mtoto mwenye pumu na awe na inhela yake karibu. Ikifungiwa ofisini na mwenye ufunguo ameenda mjini, haina maana. Na nyumbani, jiko la kuni lisilo na pa kutolea moshi huwasha kifua kile kile unachokitibu.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikabadilika rangi, au nafuu ya inhela ya buluu ikakosa kudumu, mpelekeni hospitali mara moja. Njiani aendelee kupewa mipulizo kupitia spesa, mmoja mmoja, akiwa ameketi wima. Usimlaze.

Utakapokwenda kituo cha afya, beba inhela zako zote, hata iliyokwisha, na uombe kuitumia huku mhudumu akitazama. Asipokuuliza, mwulize wewe. Ni kazi ya dakika tano. Mimi bado naombwa kufanya hivyo kila nikienda, na mara ya mwisho nilikuwa nimesahau kutikisa.